Mbwa Aliyefunzwa Nusu

Ardis Kvamme aliwapikia watoto wa shule ya Tolberg mpaka ikafika mahali watoto wa wale watoto nao wakapanga foleni mbele yake na sahani zao. Alikuwa mwanamke mrefu, mabega mapana, mwenye maneno machache jikoni na machache zaidi kanisani. Alistaafu mwezi wa tano, mapema kuliko alivyokusudia, kwa sababu wakati wa baridi mumewe Milo aliangushwa na kiharusi akiwa mezani anakoroga kahawa.

Milo alikuwa dereva wa greda la wilaya. Majira ya baridi aliondoa theluji barabarani, majira ya joto akasawazisha changarawe, na vuli ikiingia alikuwa mtu wa mbwa na kwale, basi. Watu walimletea mbwa wao kutoka mashamba ya mbali awafundishe kunusa ndege, kusimama na kuonyesha walipojificha bila kuwarukia. Ardis yeye alikuwa mpiga shabaha. Hilo lilijulikana, na Milo mwenyewe ndiye aliyelitangaza. Tangu siku za uchumba wao Milo alitangulia na mbwa, Ardis akafuata na bunduki ya marisau. Mbwa anaambiwa nini, anapigiwa filimbi ngapi, anashikwa wapi, hayo Ardis hakuyauliza, kama vile Milo asivyouliza mkate unaumukaje.

Sasa Milo alikaa kwenye kiti kilichoelekea dirisha la nyuma. Mguu wa kulia aliuburuta na mkono wa kulia ulikuwa mzito, lakini hayo yalikuwa na dawa yake: mazoezi, fimbo, subira. Kazi ilikuwa kwenye maneno. Maneno yalimjia, tena kwa wingi, ila hayakuwa yale aliyoyaita. Akitaka maji aliomba kiatu. Akitaka kiatu aliomba Jumanne. Na "ndiyo" yake haikuwa ya kutegemea. Mara ilikuwa ndiyo kweli, mara ilikuwa hapana, na yeye mwenyewe alionekana hajui ipi imetoka mpaka aone uso wa aliyeambiwa. Muuguzi wa matamshi alisema wampe nafasi, wasimmalizie sentensi. Ardis angefurahi kummalizia, lau angejua sentensi inaelekea wapi.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, mbwa wao mzee alikufa, kwa uzee tu. Ardis akaondoa blanketi lake karibu na mlango, lakini Milo aliendelea kupaangalia pale mahali. Ngano ilipoanza kuvunwa, Ardis akakata shauri kwamba msimu wa kwale hautaikuta nyumba haina mbwa.

Wa kwanza kusikia alikuwa Eldon, mdogo wake Milo, mkulima wa ngano na alizeti, mtu asiyepitwa na jambo. Mbwa wake jike alikuwa amezaa. Siku ya pili akaingia jikoni kwa Ardis na koti lililotuna, akalifungua, kikatoka kichwa cha mtoto wa mbwa.

"Chukua huyu, shemeji. Sitaki hata asante. Samaki mkunje angali mbichi."

"Samaki hakojoi kwenye zulia," Ardis alisema.

"Akulie mkononi mwako, ajue sauti yako tu. Mbwa wa kununua anakuja na mambo ya watu wengine kichwani."

"Eldon, humu ndani nina mtu mzima anayejifunza kutembea. Wewe unataka niongeze anayejifunza kutojikojolea. Nikimwinua mmoja, mwingine yuko chini. Na huyo hata akikua, atawinda lini? Mwakani, labda mwaka mwingine tena. Mimi nataka vuli hii."

"Haraka ya nini sasa?"

Ardis aligeuka. Alitazama kule kwenye kiti cha dirishani, na Eldon naye akatazama. Kisha akamrudisha mtoto wa mbwa ndani ya koti na kufunga zipu polepole.

Basi Ardis akaenda kwa bwana mmoja aitwaye Roehrich, kusini, ng'ambo ya mto Missouri, aliyekuwa anauza mbwa walioanzishwa kazi. Mtoto wa mbwa hakuwa naye, na mbwa aliyekamilika hakuweza kumuuzia mpishi wa shule, maana bei yake ilikuwa ya trekta. Wa katikati alikuwa naye. Alikuwa ni jike wa miaka miwili, mwenye manyoya marefu meupe yenye madoa meusi, jina lake Hattie.

"Huyu ameiva nusu," Roehrich alisema. Shavu lake moja lilikuwa limejaa tumbaku, na maneno yalipita humo kama mtu anayeongea chini ya blanketi.

"Nusu ipi?" Ardis aliuliza. Kwa mpishi, kitu kilichoiva nusu ni hatari.

"Kunusa anajua. Kusimamia ndege anajua. Akiambiwa simama, anasimama mpaka umchoke wewe. Kutulia ndege anaporuka ndiyo bado, hapo ni juu yako, mama. Na kuokota, kuna siku anaokota, kuna siku anamwangalia tu."

Akamwachia kwenye mabua ya ngano. Yule mbwa akaruka mbele, akalifagia shamba kulia na kushoto, pua juu, mkia unachapa, kisha ghafla akaganda. Mguu mmoja wa mbele uliinuka ukabaki hewani. Roehrich akasogea, akapiga teke majani, na kwale wa kufugwa akaruka kutoka pale pale pua ilipoelekea. Ardis alitazama bila kupepesa. Tangu msimu uliopita hakuwa ameona jambo lolote likienda kama linavyotakiwa kwenda.

Roehrich aliendelea kueleza. Aliinama juu ya mbwa, akaonyesha hivi na hivi kwa mikono, na upepo ukachukua nusu ya aliyosema na tumbaku ikachukua iliyobaki. Ardis aliitikia kwa kichwa. Mawazo yake yalikuwa kwenye saa. Milo alikuwa ameachiwa Eldon amwangalie, na Eldon hajui kumkatia mtu nyama vipande vidogo.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa," alisema Ardis, akafungua mkoba.

Nyumbani mbwa aliingia kwa adabu, akakaa mlangoni, akangoja. Milo alimtazama muda mrefu. Alimtazama kifua, miguu, jinsi mkia ulivyoungana na mgongo, kama alivyokuwa akiwatazama mbwa wa watu zamani. Kisha akasema, "Sahani."

"Anaitwa Hattie," Ardis alisema.

"Sahani," Milo akasema tena kwa upole, na mbwa akainuka, akaenda akaweka kidevu kwenye goti lake. Tangu siku hiyo akawa na majina mawili, na lile la Milo aliliitika upesi zaidi.

Mambo yalianza kumchanganya Ardis asubuhi iliyofuata. Alimpeleka mbwa kwenye malisho nyuma ya nyumba, akamfungua kamba, akasema, "Haya, nenda." Mbwa akamtazama. Ardis akatembea, mbwa naye akatembea, ubavu wake umegusana na goti la Ardis. Ardis akasimama, mbwa akakaa. "Nenda, tafuta!" Mbwa akamtazama machoni, masikio yameinuliwa, kwa heshima zote. Ardis akatupa mkono mbele kama mtu anayefukuza kuku. Hakuna kitu. Akatoa filimbi ya Milo iliyokuwa mfukoni mwa koti la kuwindia, akapuliza mara moja, kwa nguvu. Mbwa akaganda. Ardis akatangulia mpaka kwenye waya wa seng'enge ili amvute kwa mfano, akageuka. Mbwa alikuwa bado pale pale alipoachwa, amesimama kwenye nyasi kama mtu aliyeambiwa ngoja hapo kidogo, narudi.

Kila siku ilikuwa hivyo. Alimpa vipande vya soseji, alimpa maneno matamu, alimpa maneno mengine ambayo kanisani yasingefaa. Msimu ukafunguliwa. Siku ya kwanza alikwenda naye kwenye vichaka vya matunda mekundu kando ya kijito, mahali ambapo hakuna mwaka kwale walikosekana, na kundi zima likaruka karibu kabisa na miguu yake huku mbwa amekaa kando ya goti lake akiwaangalia wanavyoondoka. Ardis hata hakuinua bunduki. Alichokiona ni ngozi ya mbwa ikitetemeka kuanzia shingoni mpaka mkiani. Anaogopa, Ardis alijiambia. Masikini, nimeuziwa mbwa mwoga. Lakini alipompapasa mbavuni, moyo wa mbwa haukupiga kama wa mwoga, au labda ndivyo unavyopiga, yeye angejuaje?

Eldon alikuja kujionea. Aliegemea ua, akatazama mchezo wote, Ardis akienda na mbwa akienda, Ardis akisimama na mbwa akikaa.

"Shemeji," alisema, "hapa hujanunua mbwa. Umenunua sanamu. Mweke barazani, majirani wapige naye picha."

"Kule kwa Roehrich aliwinda. Nilimwona kwa macho yangu."

"Ulimwona huyu?"

Swali lile lilimwingia Ardis kama mwiba. Kwani alimwona mbwa huyu? Alikumbuka doa jeusi kwenye sikio. Sikio la kushoto, au? Hili la huyu lilikuwa la kulia. Lakini mbwa wa kule alikuwa anakimbia kuja kwake, na kitu kinachokuja kwako kulia kwake ni kushoto kwako. Alisimama uani akijigeuza huku na huku, mara akiwa Ardis, mara akiwa mbwa, na kila alivyogeuka doa lilihama. Roehrich alimpakia mbwa garini yeye mwenyewe, kutoka bandani, wakati Ardis akilipa ndani. Walikuwepo wengine bandani, weupe vilevile. Basi huenda ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini Roehrich alikuwa na uso wa mtu anayesali kabla ya kula.

Akampigia simu.

"Hafanyi kitu," alisema. "Ananiganda gotini."

"Unamwachia lakini?" sauti ya Roehrich ilikuja, imejaa tumbaku vilevile.

"Namwachia kila siku. Sina hata kamba mkononi."

"Unamwachia, halafu haendi?"

"Haendi."

"Ajabu hiyo," alisema Roehrich. "Basi mpe muda, mama. Ndiyo kwanza amehama nyumba. Hata mtu akihamia kwa wakwe hali vizuri wiki ya kwanza."

Ardis akashukuru, akakata simu akiwa hajui zaidi ya alivyojua kabla ya kupiga.

Na wakati huo huo Milo naye akawa mtihani. Asubuhi Ardis akiwa uani na mbwa, Milo alikuwa dirishani, na kila mara Ardis alipopuliza filimbi Milo aligonga kioo. Ardis alipoingia kumuuliza, Milo alimwambia, "Chumvi." Ardis akaleta chumvi. Milo akaisukuma. "Chumvi. Chumvi, chumvi, kwa, pale kwa, chumvi!" Uso ulimwiva. Ardis akachuchumaa mbele yake ili awe sawa naye, kama muuguzi alivyoelekeza, na Milo akanyosha mkono wa kushoto, ule mzima, akamgonga utosini kwa vidole viwili. Mara mbili, polepole. Kisha akamwangalia kwa matumaini makubwa.

"Kichwa kinakuuma?" Ardis aliuliza.

"Ndiyo," alisema Milo, akafumba macho kwa uchungu, kwa sababu ni wazi hakuwa amekusudia kusema hivyo.

Ardis akampa vidonge. Kesho yake akagongwa tena utosini, na keshokutwa, alipokuwa anamfunga kifungo cha shati. Akampa vidonge, akampigia simu muuguzi, akaambiwa amlete wampime shinikizo la damu. Shinikizo lilikuwa zuri kuliko la Ardis. Siku ya nne Ardis alichoka. "Milo, acha," alisema, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyotaka. "Mimi siyo mlango." Milo akarudisha mkono wake mapajani, akageukia dirisha. Jioni hiyo hakula vizuri, na Ardis alipoosha vyombo alijiuliza kama ndivyo itakavyokuwa sasa, kila mtu ndani ya nyumba hii akisubiri mwenzake aelewe.

Kuna siku moja hasa ambayo baadaye aliikumbuka na kujishangaa. Alikuwa anakanda unga, mbwa amekaa karibu na kiti cha Milo. Milo akainama akamgusa mbwa utosini, na mbwa akaruka kama aliyefyatuliwa. Alizunguka meza, akapita chini ya viti, pua juu pua chini, akaingia sebuleni, akarudi, akaangusha sufuria la maziwa. Milo alicheka mpaka machozi. Tangu kiharusi alikuwa hajacheka hivyo.

"Milo, usimchokoze mnyama ndani ya nyumba," Ardis alisema, huku akitafuta kitambaa cha kufutia.

"Ndiyo!" Milo alisema. "Ndiyo! Ndiyo!" Na akanyosha kidole kwa mbwa, kwa Ardis, kwa mlango.

Ardis alidhani anataka mbwa atolewe nje, akamtoa. Milo akapiga ngumi kwenye mkono wa kiti.

Wiki iliyofuata Ardis aliamua kumrudisha mbwa. Hakuamua kwa hasira. Eldon alisema watoto wa mbwa wawili bado wapo, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Ardis akamwambia asimletee methali, alete mtoto mmoja Jumamosi. Kisha akapakia blanketi na bakuli la mbwa kwenye pikapu. Mbwa akapanda mwenyewe, akakaa katikati ya kiti, wima. Ardis akaenda ndani kumuaga Milo, maana jirani alikuwa amekuja kukaa naye, akamkuta Milo amesimama mlangoni kwa fimbo yake, koti la kuwindia limevaliwa mkono mmoja.

"Unakwenda wapi?"

"Daraja," Milo alisema.

"Safari ni ndefu, Milo. Utachoka."

Milo akampita, akashuka ngazi za baraza kwa makalio, moja moja, mpaka chini. Ardis na jirani wakatazamana. Kuna wakati mtu akitaka jambo, huna haja ya neno lake. Wakampandisha.

Wakaenda, watatu kwenye kiti kimoja, mbwa katikati. Mashamba yalikuwa yamekwisha kuvunwa, alizeti peke yake zilibaki zimeinamisha vichwa vyeusi. Walipokaribia malisho ya vichaka vyekundu, Milo akaushika usukani. Aliushika kwa mkono wa kushoto, akauvuta, na gari likaenda kando, tairi zikala changarawe ya ukingoni, Ardis akakanyaga breki mpaka mbwa akajigonga kwenye dashibodi.

"Unataka kutuua?"

"Ndiyo," alisema Milo, akafungua mlango.

Ardis alizima gari. Kisha akazunguka kumsaidia ashuke, kwa sababu alikuwa anashuka hata hivyo. Milo akajiegemeza kwenye bodi ya gari, akaning'iniza fimbo kwenye kioo cha pembeni, akaonyesha nyuma ya kiti, mahali bunduki hukaa msimu mzima. Ardis akaitoa. Hakujua kwa nini anaitoa. Akatia risasi mbili za marisau kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya akiwa mahali pale na bunduki ile. Mbwa alikuwa ameshuka, amekaa gotini pake, anamtazama machoni kwa ile heshima iliyokwisha kumchosha.

"Sahani," Milo aliita.

Mbwa akaenda kwake, akakaa. Milo akainama kwa shida. Ardis alinyosha mkono kumshika kiuno asianguke, ndiyo maana aliona kwa karibu. Vidole viwili. Utosini. Mara mbili, polepole.

Mbwa akaondoka.

Alipita chini ya waya bila kupunguza mwendo, akayafungua malisho yale kushoto mpaka kijitoni, akayakata kulia mpaka kilimani, nyasi zikifumuka nyuma yake. Ardis alisimama mdomo wazi. Mkono wake wenyewe ulipanda utosini kwake na kubaki hapo. Miaka yote ile, kila alipomfuata Milo nyuma na bunduki, alimwona akiwagusa mbwa kichwani kabla hawajaanza kazi. Alidhani anawapapasa. Alidhani ni mapenzi tu, na mara nyingine, siku ambazo wao wawili walikuwa wamenuniana, aliwaonea mbwa wivu kidogo. Kumbe kwa watu wa mbwa hiyo ndiyo ruhusa yenyewe. Na huyu mnyama siku zote hizi alikuwa hajaruhusiwa. Alikuwa amengoja kwenye malisho, kwenye baridi, huku kwale wakimpita puani, anatetemeka kwa kutaka kwenda, na hakwenda, kwa sababu Ardis hakusema.

"Kwa nini hukuniambia?" alimgeukia Milo, na neno lilipokwisha toka akaona upuuzi wake. Milo alimtazama kwa upole. Kisha akaonyesha kwa kidevu. Kule kwenye kichaka cha mwisho mbwa alikuwa ameganda, mguu mmoja hewani.

Ardis akavuka waya. Alitembea kwa haraka, halafu polepole, halafu hakujua atembeeje, kwa maana hajawahi kumkaribia mbwa aliyesimamia ndege bila Milo kuwa mbele yake. Apitie kushoto au kulia? Aseme kitu? Alipita kulia. Kwale watatu wakaruka kwa kishindo. Risasi ya kwanza ikaenda mbinguni. Ya pili ikamshusha mmoja mbali, ukingoni mwa shamba la alizeti. Hapo hapo nusu ile isiyoiva ikajitokeza. Mbwa alikurupuka nyuma ya wale wawili waliobaki, akabweka kwa furaha, akavuka kilima akawafuata. Hakujali filimbi wala jina lake lolote kati ya yale mawili.

Walimngoja. Ardis alimwokota kwale mwenyewe. Milo alikaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi, miguu nje, mabega yakimtikisika, uso ameugeuzia upande. Ardis aliposogea hakuweza kujua kama anacheka au analia, na akaona haya kuchungulia. Akakaa ngazini pa gari karibu na miguu yake, kwale wa joto mapajani. Mbwa alirudi baadaye, ulimi nje, mbegu za magugu zimejaa masikioni, akajitupa kivulini mwa gari kama mfanyakazi aliyelipwa. Ardis alimwangalia doa la sikioni. Bado hakuwa na hakika ni sikio gani aliloliona kwa Roehrich. Akamgusa utosini kwa kujaribu, na mbwa, hoi kama alivyokuwa, akainuka tena akaondoka, ikabidi wamngoje upya.

Hawakuenda kusini. Walirudi nyumbani, na Ardis akampigia Roehrich simu kumwambia.

"Si nilikuonyesha siku ile?" Roehrich alisema. "Nilikuonyesha mara tatu. Ukaniambia umeelewa."

"Nilisema hivyo," Ardis alikubali.

Eldon alipoleta mtoto wa mbwa Jumamosi, alirudishwa naye. Alisimama barazani akamtazama Hattie anavyovuka malisho, na wakati wa kahawa akasema kwamba hata sanamu zina siku yake.

Vuli yote walikwenda. Ardis aliendesha, Milo akaruhusu, Ardis akapiga, na mbwa akafukuza waliobaki mpaka wilaya ya jirani. Ardis alijaribu kumfundisha kutulia. Alisoma, aliuliza, alifunga kamba ndefu. Milo alimwelekeza akiwa garini, kwa maneno kama "dirisha" na "kaka yangu" na "siagi", na Ardis akafanya alichodhani ni hicho, na mara nyingine Milo aliitikia kwa kichwa na mara nyingine alifunika uso. Kuna siku mbwa alitulia ndege waliporuka, akawatazama mpaka wakapotea, na wote wawili hawakuweza kusema ni kitu gani walichofanya tofauti siku hiyo. Kesho yake alifukuza kama kawaida.

Wale kwale Ardis aliwapika kwa vitunguu na krimu, na viazi vya kuponda kando. Jioni moja, theluji ya kwanza ikigusa dirisha, walikuwa wanakula kimya. Milo aliweka uma chini. Akamtazama Ardis, akasema kwa sauti ile ya zamani kabisa, ya greda na ya barabara, kila neno mahali pake:

"Unachelewa kupiga ile ya kwanza."

Ardis aliacha kutafuna. Tangu kiharusi hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza kutoka nzima.

"Nachelewa?"

Milo alifungua mdomo. Alitafuta. Mkono wa kushoto ulipanda hewani, ukazunguka, ukashuka.

"Kiatu," alisema, akachukua uma wake.

Ardis alimmiminia maji, akaketi. Huenda kweli alikuwa anachelewa. Alikumbuka kwale wale watatu, na wengine baada yao, na akaona kwamba inawezekana, tangu Milo hayuko mbele yake amekuwa akingoja kidogo kabla ya kuinua bunduki. Au huenda Milo alitaka kusema jambo jingine kabisa, na haya maneno yamekuja tu kwa bahati yakiwa yamejipanga vizuri. Alimtazama, akitaka kuuliza, lakini yeye alikuwa anakula kwa hamu, na chini ya meza mbwa alikuwa amelalia miguu ya wote wawili. Ardis akamwongezea viazi.